Mama ana miaka 74 na ameondolewa titi: je, umri ni sababu ya kuacha mionzi?

Binti wa Korogwe anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Mama yangu mzazi ana miaka 74. Ameondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na jeraha limekwisha kufunga vizuri. Majibu ya maabara yanaonyesha kwamba uvimbe ulikuwa na sentimeta 4, tezi 5 kati ya 13 zilizotolewa zilikuwa na saratani, vipokezi vya homoni vipo (yaani saratani hukua kwa kuchochewa na homoni), na HER2, protini inayokuza baadhi ya saratani za titi, haipo. Ameanza kumeza dawa ya homoni kila siku, na daktari anashauri aende Dar es Salaam kupata tiba ya mionzi kwa wiki tatu.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Mjomba anasema mtu wa umri huo aachwe apumzike. Binamu yangu anayesomea uuguzi amesoma kuhusu utafiti wa Uingereza uliogundua kwamba wanawake wazee wanaweza kuacha mionzi ilmradi wameze dawa za homoni. Mama mwenyewe anauliza jambo moja tu, nami sina la kumjibu: titi limeshaondolewa lote, sasa wanachoma nini? Ana shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa, ila anapika, anakwenda shambani kwa miguu yake, na akili yake ni timamu kabisa.

Mtaalamu wa tiba ya mionzi:

Dada, pole kwa kuuguza. Nianze na swali la mama, kwa sababu ndilo lenye kiini cha jambo lote. Mpasuaji huondoa kile anachokiona na kukishika. Chembe chache za saratani zinaweza kubaki ndani ya ngozi ya kifua, kandokando ya kovu, au katika tezi zilizo juu ya mfupa wa mtulinga, ambazo kwa kawaida haziguswi wakati wa upasuaji. Mionzi huelekezwa huko. Kadiri tezi za kwapani zilizokutwa na saratani zinavyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa kuwepo kwa mabaki hayo unavyoongezeka, na kwa miongo mingi sasa tezi nne au zaidi zimehesabiwa kuwa sababu tosha ya kushauri mionzi baada ya titi kuondolewa.

Utafiti aliousoma binamu nadhani ni PRIME II, ambao matokeo yake ya miaka kumi yalichapishwa mwaka 2023. Ni kazi nzuri, lakini wanawake wake si kama mama. Walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi, uvimbe wao haukuzidi sentimeta 3, tezi zao hazikuwa na saratani, na waliondolewa uvimbe tu huku titi likibaki. Saratani ilirudi katika titi kwa asilimia 9.5 ya wasiopata mionzi na asilimia 0.9 ya waliopata, na idadi ya waliokuwa hai katika makundi hayo mawili ilikaribia kuwa sawa. Kuchukua matokeo hayo na kumpa mwanamke mwenye tezi tano ni kosa ninalolisikia mara nyingi, hata kwa wahudumu wa afya, na linanisikitisha kwa sababu linaweza kumnyima mgonjwa tiba inayomfaa.

Ushahidi unaomhusu mama ni mwingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha majaribio 22 na wanawake 8,135, ulionyesha kwamba kwa wenye tezi nne au zaidi, mionzi ilipunguza vifo vya saratani ya titi ndani ya miaka 20 kutoka takriban asilimia 80 hadi 71. Majaribio hayo yalianza kati ya 1964 na 1986, kabla ya dawa nyingi za leo, kwa hiyo hatari ya sasa ni ndogo kuliko takwimu hizo.

Na hapa mjomba ana hoja ambayo sitaki kuipuuza. Jaribio kubwa la Denmark kwa wanawake waliokoma hedhi, lililochapishwa mwaka 1999, liliwachukua wale walio chini ya miaka 70 tu. Waliopata mionzi pamoja na tamoksifeni, ambayo ni dawa ya homoni, asilimia 45 walikuwa hai baada ya miaka kumi, dhidi ya asilimia 36 ya waliopata tamoksifeni peke yake. Kwa mwanamke wa miaka 74 tunaazima ushahidi wa wadogo zake. Mimi naona ni halali kuuazima pale mgonjwa anapokuwa na nguvu na anatarajiwa kuishi miaka mingi, maana faida ya mionzi katika kuokoa maisha huchukua miaka kujitokeza.

Kama mama angekuwa na tezi moja hadi tatu, ningezungumza kwa sauti tofauti. Jaribio la SUPREMO, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, liliwahusu zaidi wanawake wa namna hiyo waliotibiwa kwa dawa za kisasa, na baada ya miaka kumi waliopata mionzi ya kifua na wasiopata walikuwa hai kwa kiwango kilekile, takriban asilimia 81.

Mwalimu mstaafu, Morogoro:

Marahaba mwanangu. Mimi nilipata mionzi baada ya kuondolewa titi, nikiwa nimekwisha pita miaka 70. Mionzi yenyewe haiumi, unalala tu na mashine inazunguka. Kilichonitesa ni kuinua mkono juu ya kichwa na kuutuliza hapo, kwa hiyo mama aanze sasa mazoezi ya bega aliyofundishwa, asingoje safari. Kuelekea mwisho ngozi ilikuwa nyeusi na ikachubuka chini ya kwapa, na uchovu ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia, ila vyote viliondoka. Avae pamba nyepesi na asipake chochote kifuani bila kuwauliza wahudumu. Fikirieni mapema atakaa kwa nani Dar, na muulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kama gharama zinawaelemea.

Mlezi, Mombasa:

Naomba niseme upande wa pili kwa heshima. Mamangu alikuwa na tezi nyingi pia, lakini moyo wake ulikuwa umechoka na alikuwa hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Daktari wake alitueleza waziwazi kwamba moyo ungemwondoa kabla ya saratani kupata nafasi ya kurudi, na mamangu akachagua kubaki nyumbani na tembe zake. Sijutii hata kidogo. Dada, umetueleza rai ya mjomba na ya binamu, lakini hujatueleza mama anataka nini.

Binti wa Korogwe:

Nawashukuru sana. Nilimsomea mama majibu haya. Amesema akielezwa faida na madhara ataamua mwenyewe, na kwamba haogopi safari, anaogopa moyo, kwa kuwa titi lilikuwa la kushoto.

Mtaalamu wa tiba ya mionzi:

Hofu yake ina msingi. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kila grei moja (kipimo cha kiasi cha mionzi) ya wastani wa mionzi inayofika kwenye moyo huongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa takriban asilimia 7.4, na ongezeko hilo hujengwa juu ya hatari ambayo mtu anayo tayari. Kwa hiyo shinikizo lake la damu lidhibitiwe kwa uangalifu, na siku ya kupangiwa tiba aulize moyo utapokea kiasi gani na kama kuna njia ya kuvuta pumzi ndani na kuizuia wakati mionzi inapigwa, jambo linalousogeza moyo mbali na ukuta wa kifua. Wiki tatu alizoambiwa ni mpango wa kawaida, grei 40 kwa vipindi 15, na aendelee kumeza dawa ya homoni isipokuwa daktari wake aelekeze vingine. Nenda naye, ubebe majibu yote ya maabara, na umwache yeye ndiye aulize.