Mjadala: Bongo muvi ilikufa na Kanumba, au ilishauzwa yeye akiwa hai?

Wakuu habari za muda huu. Kila ikifika Aprili 7 mitandao inajaa picha za marehemu mwigizaji Steven Kanumba, na chini yake komenti ni ileile, "bongo muvi ilizikwa naye Kinondoni". Nimeisoma hiyo kauli miaka na miaka, leo nimeona bora niilete tuijadili kwa uwazi maana mimi siikubali. Na siikubali siyo kwa kumdharau marehemu, mimi ni shabiki wake wa damu, siikubali kwa sababu inawaficha waliotufikisha hapa tulipo.

Tuanze na yeye kwanza maana kuna wadogo zetu humu wanamjua kwa jina tu. Kijana wa Shinyanga, kazaliwa Januari 8, 1984, akaja Dar akaingia Kaole Sanaa Group. Enzi hizo Kaole ndiyo ilikuwa shule yenyewe, michezo yao inarushwa ITV, ikifika saa yake mtaani kunakuwa kimya, asiye na tivii yuko dirishani kwa jirani. Ray na Johari nao wametokea humohumo. Halafu 2003 ikatoka Girlfriend ya marehemu George Tyson, watu wakaona kumbe muvi ya Kibongo inatengenezeka na watu wananunua, basi hapo kila mwenye kamera akaanza kushuti. Kanumba akazama mazima. Dar to Lagos alicheza na Mercy Johnson wa Nigeria, Oprah ya 2008 yuko na Ray na Irene Uwoya, Uncle JJ ile ya watoto ambayo mpaka leo ukiiweka nyumbani watoto wanakaa, Devil Kingdom akamleta Ramsey Nouah. Akafungua na kampuni yake mwenyewe, Kanumba the Great. Na ukienda Bujumbura, Goma, Lubumbashi, wanamjua kama sisi tunavyomjua, hakuna aliyewahi kumpigia promo huko, ni sidii tu zilitembea na Kiswahili kikatembea nazo.

Alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, nyumbani kwake Sinza, ana miaka 28. Ishirini na nane jamani! Siku ya kuaga Leaders Club palifurika mpaka watu wakawa wanazimia, viongozi wakubwa wa serikali walikuwepo, na barabara ya kwenda makaburini haipitiki. Habari ya kesi ya kifo chake naomba uzi usiende huko, mahakama ilishatoa hukumu 2017, adhabu ilishatumikiwa, tuwaache watu waishi.

Kwangu mimi alichowazidi wenzake siyo suti wala magari. Alikuwa anajua kusikiliza. Mwangalie kwenye sini ambayo mwenzake ndiye anaongea, waigizaji wengi wa wakati ule unawaona kabisa wanasubiri zamu yao, yeye uso unafanya kazi, unaona neno limemwingia, unaona anataka kujibu anajizuia. Hicho kitu hakifundishwi kwa siku mbili. Na alikuwa na uthubutu, 2009 alipoenda kwenye jumba la Big Brother Africa watu wakamcheka Kiingereza chake nchi nzima, wakati walioenda mbali kiasi hicho kwenye fani ile walikuwa wa kuhesabu. Ile iliniuma na inaniuma mpaka leo.

Sasa twende kwenye hoja. Biashara ilikuwa inaendaje? Prodyuza anatafuta vihela, anashuti kwa siku chache, anaedit, halafu anaibeba masta, yaani kopi mama, anaipeleka kwa msambazaji Kariakoo. Pale anauza. Na akiuza anauza yote, haki zote, moja kwa moja, anapewa hela yake mkononi anasaini anaondoka. Kuanzia hapo msambazaji akichapa kopi elfu ishirini sawa, akichapa laki mbili sawa, akija kuiuza kwenye tivii miaka kumi baadaye sawa, wewe uliyeitengeneza hupo, na mwigizaji ndiyo kabisa hupo maana yeye alilipwa cha siku ya kushuti. Yaani ni kama mkulima anayeuza korosho ikiwa bado ua juu ya mti, mavuno yakija kuwa mazuri anayecheka siyo yeye.

Ukielewa hapo utaelewa kwa nini muvi zilikuwa vile. Wote tunakumbuka. Unaweka sidii, kwanza matangazo ya muvi zingine, halafu majina, halafu gari linafika getini. Honi. Mlinzi anatoka, anafungua geti, upande mmoja, halafu wa pili. Gari linaingia, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, anapanda ngazi, kinanda kinalia tu, dakika tatu zimekatika hajasema hata neno moja. Watu wanasema madairekta wetu walikuwa hawajui kukata. Walikuwa wanajua! Ila stori ya saa moja na nusu ilitakiwa ijaze sidii mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa sababu zinauzwa mbilimbili. Geti lilikuwa linaleta hela.

Na msambazaji anaangalia nini kabla hajatoa hela? Kava. Nani yuko kwenye kava. Ukija na skripti kali na sura ngeni unarudi nayo nyumbani, ukija na Kanumba, Ray, JB, Uwoya, unalipwa hata kama stori imeandikwa jana usiku. Kwa hiyo soko zima likaegemea sura chache sana, na hakuna aliyeona sababu ya kulea wapya. Ndiyo maana alipoondoka pengo lilionekana kubwa vile. Na haikuishia kwake, Novemba 2012 Sharo Milionea akafa kwa ajali Muheza, Januari 2013 Sajuki, halafu Mei 2014 ndani ya mwezi mmoja Adam Kuambiana, Rachel Haule na George Tyson mwenyewe. Sitaki mtu aseme najifanya misiba ile haikuwa kitu. Ilikuwa pigo, tulilia.

Lakini jiulizeni, Albert Mangwea alifariki Mei 2013 na alikuwa mfalme wa mitindo huru, mbona hakuna anayesema bongo fleva ilizikwa naye Morogoro? Kwa sababu msanii wa muziki hata albamu yake ikiibiwa bado ana shoo, ana jukwaa, baadaye akapata YouTube, hela inaingia kwa milango mingi. Muvi ilikuwa na mlango mmoja tu, ule wa sidii. Kumbi za sinema zilishakufa zamani, Empire, Empress, Avalon pale mjini zote historia, na ile Drive-In ya Dar leo pamejengwa ubalozi wa Marekani. Zile za Mlimani City zilikuwa za muvi za nje. Kwa hiyo siku sidii ilipoanza kufa ndiyo tasnia ikaanza kufa, na sidii iliuliwa na flashi na simu, siyo na msiba. Kibanda kimoja, kompyuta moja, unaenda na flashi yako unajaziwa muvi kibao, za Kikorea, za Kihindi, zilizotafsiriwa na madijei, kwa hela ambayo hainunui hata sidii moja halali. Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA kwenye kazi za filamu na muziki, wazo zuri, ila anayelipa stempu ni yule halali, mwenye kibanda cha flashi stempu ataibandika wapi?

Aprili 2017 si mnakumbuka wasanii waliandamana Kariakoo kupinga muvi za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi? Watu mtandaoni waliwatukana sana siku ile, "tengenezeni muvi nzuri". Mimi nilikuwa upande wa wasanii na bado niko. Sheria ya hakimiliki ipo toka 1999, ile ya filamu na michezo ya kuigiza ipo toka 1976, COSOTA ya kusimamia hakimiliki ipo, Bodi ya Filamu ipo. Kama mtu anauza wizi mchana kweupe kwenye barabara kuu, kosa ni la mwigizaji?

Na kama bado mnaona mikataba siyo tatizo, chukueni Mzee Majuto. Mtu aliyechekesha nchi hii miongo na miongo. 2018 akiwa anaumwa ndiyo ikaja kujulikana hali ya mikataba yake ya matangazo, mpaka waziri wa habari wa wakati huo, Dk. Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Waziri kabisa! Mzee akafariki Muhimbili Agosti mwaka huohuo. Mzee Majuto hakuwa mjinga, alisaini kama wote walivyokuwa wanasaini, kwa kuaminiana, bila mwanasheria, watoto wanasubiri ada.

NAONGEZA baada ya kusoma michango yenu.

Kuna mkuu kauliza kama Kanumba mwenyewe hakuwa anauza kwa wasambazaji haohao, na kama alikuwa mkubwa kiasi hicho kwa nini hakukataa. Swali zuri. Alikuwa anauza, angepeleka wapi? Steps Entertainment ndiyo walikuwa wakubwa kabisa, wana mtandao mpaka mikoani, na lazima tuwe wakweli kwamba bila wasambazaji muvi isingefika Sumbawanga. Walitoa hela wakati benki hazitaki hata kusikia neno filamu. Ninachosema mimi ni kwamba muundo wa kununua kila kitu kwa mkupuo ulimfanya anayeumba asiwe na akiba yoyote ya kesho. Na Kanumba ukimwangalia alikuwa anatafuta njia ya kutokea. Kwenda Lagos, kuwaleta Wanigeria, kufungua kampuni, hayo siyo mambo ya mtu aliyeridhika na Kariakoo. Angefanikiwa au asingefanikiwa hatujui, ila alikuwa anatafuta, na hapo ndipo nakubaliana na nyie kwamba tulipoteza kitu ambacho sura ya kwenye kava haielezi.

Dada mmoja kaandika kwamba tatizo ni ubora, stori zilikuwa za kuiga Nigeria, nyumba ya ghorofa, mama mkwe mbaya, mganga, watu wakachoka. Dada nusu nakuunga mkono, kuchoka tulichoka. Ila turudi palepale, ubora unatoka wapi kama muvi nzuri na mbaya zinalipwa kwa kuangalia kava? Mwandishi wa skripti alikuwa analipwa nini? Wengi walikuwa wanalipwa asante. Ukitaka stori nzuri mlipe anayekaa chini kuiandika.

Halafu kuna kijana kasema mimi na wenzangu wote tumekosea kwa sababu bongo muvi haijafa, imehamia kwenye tivii, akataja tamthilia za Huba na Jua Kali, akataja chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, na filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji iliyooneshwa tamasha la Toronto 2021. Kijana umenikamata vizuri na nakubali kabisa, neno "kufa" tulitumie kwa uangalifu. Jua Kali ya Lamata inaangaliwa nyumba kwa nyumba kama Kaole zamani, sauti ni safi, taa ni safi, na vijana wanaigiza kwelikweli, wapo wanaosikiliza kama alivyokuwa anasikiliza Kanumba. Hilo linanipa furaha sana.

Ila hapohapo ndipo naomba mjadala uhamie sasa. Mlango wa sidii ulikuwa mmoja, hii ya chaneli za kulipia ni mingapi? Miwili, mitatu? Chaneli ikigharamia tamthilia, nani anaimiliki ikishaisha? Wakiirudia mwakani, au wakaipeleka nchi nyingine, au wakaiweka kwenye aplikesheni yao, mwigizaji anaingiziwa chochote au ile ya siku ya kushuti ndiyo mwisho? Mimi niliowauliza wananijibu kwa kukwepa, wengine wanasema mikataba hairuhusu kuongea. Mwenye uzoefu, hasa waandishi wa skripti na wale waigizaji wa nafasi ndogondogo ambao hamna menejimenti, njooni mtueleze, jina la chaneli msitaje, tuelezeni tu karatasi mliyosaini imesema nini kuhusu marudio.