Simu "isiyoingia maji" imeingia maji, na kadi ya dhamana inasema maji hayahusiki

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa Moshi, na naomba radhi mapema kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu una laki saba zangu ndani yake.

Mimi ni mwongozaji msaidizi wa wageni mlimani Kilimanjaro. Msimu ukichanganya napanda mara mbili kwa mwezi, mara nyingi kwa njia ya Machame, na simu kwangu si pambo la mfukoni: ndiyo ninayowasiliana nayo na ofisi, ndiyo inayopokea malipo yangu, na tangu shirika la simu la TTCL lilipofikisha intaneti mlimani mwaka 2022, ndiyo ambayo mgeni aliyeishiwa chaji huniomba ili awatumie watu wa kwao picha kabla hajashuka. Kwa miaka mitatu nilitumia simu janja ya kawaida ya bei ya chini, niliyoinunua kwa shilingi 230,000. Nilikuwa naiweka kwenye kifuko cha kuziba na kuilaza kifuani ndani ya jaketi. Ilivunjika kioo mara mbili. Nje ya hapo sina kesi nayo.

Mwezi Juni, baada ya kuvunjika kioo mara ya pili, niliona aibu ya kuendelea kuwa mtu wa vifuko na mipira, nikaingia kwenye duka moja la simu si mbali na stendi kuu. Nilimweleza kijana wa dukani kazi yangu kwa kirefu: mvua ya msituni, baridi ya kambi ya Barafu, vumbi la njia ya kushukia ya Mweka wakati wa kiangazi. Akanitolea simu nene yenye kona za mpira na skrubu zinazoonekana kwa nje, nzito kama tofali la kuchoma, akasema, "Kaka, hii ndiyo ya wagumu wenyewe. Hata ukiitumbukiza mtoni Karanga ukaifuata kesho, utaikuta inaita." Bei ilikuwa 700,000 baada ya kuombana. Nililipa, nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, nami kwa furaha ya kununua sikudai ile ya mashine ya kodi. Kosa hilo ni langu, na sitamsingizia mtu.

Nitende haki kwanza. Simu ile iliniangukia juu ya mwamba pale ukuta wa Barranco, kimo cha kiuno cha mtu mzima, na haikupata hata mchubuko wa maana. Betri yake ilinikalisha siku nne bila kuomba chaji kwa mtu. Skrini ilikubali kuguswa nikiwa na glovu, jambo ambalo aliyewahi kuvua glovu usiku wa kileleni ataelewa thamani yake. Hata hivyo, baridi haikuiheshimu: kule juu ya mita 4,600 ilizimika ikionyesha asilimia 34, ikawaka tena nilipoipasha moto kwapani, sawasawa na ile ya bei rahisi. Betri za lithiamu hupungukiwa nguvu zikipoa sana, na unene wa mpira wa nje hauzuii baridi ya usiku kucha. Dukani hilo halikutajwa.

Mvua za vuli mwezi Novemba ndizo zilizofichua ukweli. Tulipanda kutoka geti la Machame chini ya mvua iliyonyesha tangu mchana hadi jioni, na simu ilikuwa mfukoni mwa jaketi, mfuko wa nje, kwa sababu nilishaaminishwa kwamba haina haja ya kubembelezwa. Haikutumbukizwa mtoni wala haikukaa kwenye beseni. Ilinyeshewa tu, kama mtu anavyonyeshewa. Tulipofika kambini nikaona ukungu nyuma ya kioo cha kamera. Siku ya pili, kambi ya Shira, mstari wa kijani ulipita katikati ya skrini. Siku ya tatu ilikataa chaji na kuonyesha alama ya tone la maji, kisha ikazima moja kwa moja. Simu yangu ya zamani, ambayo nashukuru sikuiuza na ambayo mpishi wetu alikuwa ameazima, ndiyo iliyopiga picha za wageni kileleni, mita 5,895, ikiwa na mkanda wa selotepu kwenye kona.

Niliporudi mjini nilikwenda dukani na simu, boksi, risiti na kadi ya dhamana ya miezi kumi na miwili. Kijana yule alifungua kadi, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya Kiingereza upande wa nyuma, akanionyesha kwamba dhamana haihusu uharibifu unaotokana na majimaji. Nilisoma mara mbili, nikidhani pengine Kiingereza changu ndicho kilichokosea. Nikamuuliza inakuwaje simu iliyouzwa kwa sifa ya kutoingia maji iondolewe dhamana siku inapoingia maji. Akajibu, bila hata kuinua uso, "Kaka, maji ni uzembe wa mtumiaji." Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Kama maji ni uzembe wangu, basi ile tofauti ya 470,000 niliyolipa juu ya bei ya simu ya kawaida ilikuwa ya kununua nini?

Tangu siku hiyo nimesoma maana ya yale maandishi yaliyopigwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na hasira imeongezeka badala ya kupungua. Chukueni IP68. Tarakimu ya kwanza, 6, inahusu vumbi, na ya pili, 8, inahusu kuzamishwa kwenye maji, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe. Jaribio hufanywa maabara, kwa maji safi yaliyotulia, kwa simu mpya ambayo haijaanguka hata mara moja. Kufaulu mtihani wa kuzamishwa hakuna maana kwamba imefaulu ule wa maji yanayorushwa kwa nguvu, kwa kuwa hayo ni majaribio mengine yenye tarakimu nyingine. Wala hakuna anayekuambia kwamba kile kifuniko kidogo cha mpira kinachoziba tundu la chaji hulegea kwa kufunguliwa kila siku, na kwamba kikilegea, zile tarakimu zote zimebaki kwenye boksi.

Kuna na lile neno la kijeshi, MIL-STD-810H, ambalo muuzaji alilitamka kana kwamba simu imetoka vitani. Ni kweli kwamba ni kiwango cha jeshi la Marekani, na toleo hilo ni la mwaka 2019, lakini jeshi lenyewe halikai kupima simu za dukani na kuzipa cheti. Mtengenezaji huchagua majaribio anayoyataka miongoni mwa mengi yaliyomo, akajipima, akajiandikia. Jaribio la kuangusha linalotajwa sana katika matangazo ya simu hizi ni la mara 26 kutoka sentimita 122, juu ya ubao, na utaratibu wake unaruhusu mianguko hiyo igawanywe kwa simu hadi tano. Maana yake simu moja yaweza kuanguka mara tano au sita tu, juu ya mbao, ikasifiwa kwa 26. Mawe ya Barranco si mbao.

Baada ya duka kunikatalia nilikwenda kwa fundi ninayemwamini, mzee mmoja anayekaa kwenye kibanda karibu na soko la Memorial. Aliifungua kwa tabu, maana mgongo wake umegandishwa kwa gundi chini ya zile skrubu, akanionyesha kutu ya kijani kwenye ubao wa umeme, na gundi iliyoachia upande wa chini. Akaniambia, "Mwanangu, kioo cha hii Moshi hakipo, Arusha sidhani, labda kiagizwe." Kuagiza, pamoja na kazi, ni 280,000 na kungoja wiki nne au zaidi, na hata hapo hakubali kuahidi kwamba itaziba maji tena kama ilivyotoka kiwandani. Kioo cha ile simu yangu ya 230,000 aliniwekea kwa 45,000 nikiwa nakunywa chai ya kibanda cha jirani.

Kwa hiyo nikiulizwa leo na kijana wa mlimani achague ipi, sitamwambia kwamba simu ngumu hazina kazi. Dereva anayelala porini bila umeme, au fundi wa kuchomelea ambaye simu humponyoka kila siku, atapata kitu kwenye ile betri na ile mipira ya kona. Ila ainunue kwa ajili ya betri na mianguko, na ajue kwamba akipasua kioo atakaa mwezi bila simu. Asiinunue kwa ajili ya maji. Kwa maji, kifuko cha shilingi elfu tano kimenifaa kuliko laki saba, na kikichanika nanunua kingine bila kuonyeshwa kadi.

Sitaki huruma, nataka haki yangu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, na mimi nilimweleza huyu hadi majina ya kambi. Nimeandaa barua kwa Tume ya Ushindani, na kwenye barua hiyo nimeambatanisha picha ya boksi linalosema haiingii maji na picha ya kadi inayosema maji hayahusiki, moja kando ya nyingine. Kinachonitia wasiwasi ni ile risiti ya mkono. Kama yupo humu aliyewahi kurudishiwa fedha au kubadilishiwa simu ya namna hii akiwa na risiti isiyo ya mashine, naomba aeleze alianzia wapi na ilimchukua muda gani. Ijumaa napanda tena, nitasoma majibu nikishuka.