Uzi wa malalamiko: Wauza flashi, "inaingia kamera zote" ndiyo nini?

Wakuu, salamu tutapeana mwishoni. Kwanza hasira.

Haipiti wiki bila mtu kuja humu na swali lile lile. Ana Canon 2000D, kanunua flashi ya bei nafuu, kaichomeka juu ya kamera, kaikaza, taa ya utayari inawaka vizuri. Akibonyeza kitufe cha majaribio nyuma ya flashi, mwanga unajaa ukuta mzima. Akibonyeza shata, kamera inapiga picha na flashi imekaa kimya kama bwana harusi ukweni. Akirudi dukani anaambiwa kamera yake ndiyo ina shida, apeleke kwa fundi. Kwa fundi nako inafunguliwa kamera nzima kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Kamera nzima, flashi nzima. Kibovu ni kile kinywa kilichosema "hii inaingia kamera zote". Kuingia inaingia, hata kiatu cha namba tisa kinaingia mguu wa namba saba.

Tazameni pale juu ya kamera flashi inapochomekwa. Kamera nyingi zina kiduara cha chuma katikati. Shata ikifunguka, kamera inakiunganisha kiduara hicho na reli za pembeni, na flashi inapiga. Lugha hiyo ni ya tangu enzi za filamu, ndiyo maana flashi ya kampuni yoyote ilikuwa inaelewana na karibu kamera yoyote. Canon wakaja kukiondoa kwenye kamera zao za bei ya chini: 2000D (kwingine huitwa 1500D au Rebel T7) na 4000D (3000D, Rebel T100) za mwaka 2018, halafu 250D (200D II, Rebel SL3) ya 2019. Zimebaki pini nne ndogo tu, zinazozungumza na flashi za TTL (nitaieleza hapo chini) za mfumo wa Canon. Flashi ya pini moja, iwe Yongnuo YN560 ya toleo lolote, Godox TT600, TT520 au Neewer TT560, ukiiweka juu ya kamera hizo haina wa kuzungumza naye.

Sasa angalieni uchungu ulipo. Kamera hizo ndizo wanazonunua wanaoanza, na flashi hizo ndizo wanazonunua wanaoanza. Muuzaji anamtolea mtu mmoja, juu ya kaunta moja, vitu viwili visivyojuana, na anapokea hela zote. Wengine hela hizo ni za kausha damu, marejesho ni kila wiki.

Hilo moja. La pili ni neno TTL, ambalo siku hizi linatamkwa kama kiitikio. TTL maana yake flashi inapiga mwanga mdogo wa kupima, kamera inausoma kupitia lenzi, kisha inaiambia flashi ipige kwa nguvu kiasi gani. Mazungumzo hayo hayapiti kwenye pini moja. Kwa hiyo kabla hujatoa hela igeuze flashi uangalie chini. Ya Canon yenye TTL ina pini tano, ya Nikon ina nne. Ukiona pini moja, hiyo ni ya kurekebisha kwa mkono hata kama boksi limeandikwa TTL kwa rangi ya dhahabu. Na flashi ya mkono si dhambi, wengi wanafanyia kazi nzuri sana. Dhambi ni kuiuza kwa bei ya TTL.

Hata ya TTL nayo ina kabila lake. Godox wanaweka herufi mwishoni mwa jina: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fuji, O ni Olympus na Panasonic. TT685II-N ukiipachika juu ya Canon, usitegemee TTL wala HSS (flashi kupiga hata shata ikiwa na kasi kupita ile ya kawaida ya flashi). Herufi ni moja tu na imeandikwa kwenye boksi. Muuzaji anashindwaje kuisoma?

La tatu ni namba ya GN, na hapa tunapigwa mchana kweupe. GN ni umbali kwa mita ukizidisha na namba ya f (upana wa tundu la lenzi), kwa ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga). Flashi ya GN 58 ukiwa f/5.6 inafika kama mita 10. Vizuri. Ila 58 ya YN560 IV imepimwa kichwa kikiwa kimevutwa (zoom) hadi 105mm, na 60 ya TT600 imepimwa kwenye 200mm, mwanga umebanwa kama wa tochi. Kwa hiyo anayekwambia "chukua hii, ni 60, ina nguvu kuliko ile ya 58" hajui anachouza, au anakijua vizuri sana. Mfano mzuri ni Canon wenyewe: 580EX II ina GN 58 kwenye 105mm, lakini kwenye 35mm inashuka hadi 36. Mita 10 zako zimekuwa 6 na kidogo, na hapo bado hujaweka kisoftboksi cha kulainisha mwanga.

Wauzaji mpo humu, tunawajua. Jibuni.

Jibu #2

Mkuu, mimi nipo upande wa kaunta. Mengi uliyosema ni kweli, ila wateja nao wana lao. Mtu anaingia, hataji modeli ya kamera, anasema "nina Canon, nipe flashi kali ya laki na kitu". Ukimuuliza 2000D au 200D, anakasirika kana kwamba umemuuliza mshahara. Akishaharibu betri anarudi kudai hela. Nimeona flashi zimerudishwa ndani kuna betri za redio, zile za zinki. Flashi inavuta ampea kadhaa kwa mkupuo, zile haziwezi. Inapiga mara tano, kisha inachukua nusu dakika kujaa, anasema flashi feki.

Jibu #3 (mwenye uzi)

Hoja ya betri nakupa. Hoja ya kutouliza sikupi. Kuuliza ni kazi yako, yeye ndiye mgeni wa vitu hivi. Maswali yenyewe ni mawili tu: kamera modeli gani, na flashi itakaa juu ya kamera au pembeni kwenye stendi? La pili hilo ndilo linaloamua mfumo wa redio, na mnalirukaga.

Redio za Yongnuo na redio za Godox hazisikilizani, hata kama zote zimeandikwa 2.4GHz. Mtu ana trigga (kifaa cha juu ya kamera kinachoamuru flashi kwa redio) ya YN560-TX, mnamuuzia TT600, anakesha kubadilisha chaneli. Na ndani ya Yongnuo kwenyewe kuna ngazi: YN560 II haina redio kabisa, III inapokea tu, IV inapokea na kutuma. Kwa mbali zinafanana kama mapacha. Zilizotumika zinauzwa "560" bila namba ya toleo. Tazama jina lililoandikwa kwenye mwili wa flashi, boksi linaweza kuwa la nduguye.

Kuhusu Godox kuna jambo linalookoa hela nyingi na halisemwi dukani: flashi ikiwa pembeni inapokea redio, herufi yake haina maana tena. TT685 ya Nikon kwenye stendi itatii trigga ya Canon, na TTL juu. Cha kulingana na kamera ni trigga tu. Kwa hiyo aliyehama Nikon kwenda Sony hana haja ya kuuza flashi zake zote za pembeni, anabadilisha trigga.

Na TT600: juu ya kamera haina HSS. Pembeni, ikiongozwa na trigga ya mfumo wa X (redio ya Godox), inayo. YN560 IV haina HSS popote. Semeni hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Jibu #4

Wakuu samahani, mimi ndiye mmoja wa hao wa 2000D na YN560 IV. Imekula kwangu au kuna namna?

Jibu #5

Kuna namna, mdogo wangu. Ile flashi ndogo inayoruka juu ya kamera yako bado inafanya kazi. Weka YN560 pembeni kwenye stendi, chagua S2, halafu inua flashi ya kamera. Jicho la YN560 litauona mwanga huo na kupiga. Chagua S2 na si S1, kwa sababu flashi ya kamera yako inatoa kwanza mwanga wa kupima. Kwenye S1 YN560 inapiga kwa huo wa kupima, na shata ikifunguka imeshamaliza. Kizima cha macho mekundu kizime kwenye menyu. Ndani ya nyumba utafanya kazi, juani itakusumbua, na ukumbini wenye wapiga picha watatu itapiga kwa flashi za wenzako hadi betri zikate.

Ukipata hela, njia safi ni flashi ya TTL yenye herufi C, au trigga ya C na flashi yoyote ya Godox yenye redio ya mfumo wa X pembeni. Godox walitoa masasisho ya programu ya ndani kwa ajili ya kamera hizi zisizo na pini ya katikati, kwa hiyo kifaa kilichokaa stoo muda mrefu huenda hakijasasishwa. Nenda na kamera yako, ijaribiwe mbele yako.

Na piga kwa kutazama kidirisha cha jicho. Ukiwasha skrini ya nyuma, Canon nyingi za aina hiyo hazipigi flashi isiyo ya Canon.

Jibu #6

Naongezea kwenye betri maana ndipo pesa inapovujia kimya kimya.

Hakuna betri ya AA ya NiMH (zile za kuchaji) yenye 3800 wala 4800mAh. Nzuri kabisa zinacheza kwenye 2500, na Eneloop nyeupe ni kama 1900 hadi 2000. Ukiona namba kubwa kuliko hapo, ishike mkononi: feki nyingi ni nyepesi, wakati Eneloop ni kama gramu 27. Alkalini zinaandikwa 1.5V na NiMH 1.2V, lakini flashi ikivuta umeme mwingi alkalini inaporomoka na NiMH inasimama, ndiyo maana NiMH inajaza haraka. TT600 kwa nguvu yote inajaa kwa takriban sekunde 2.6 kwa betri nzuri.

Tumieni nne za umri mmoja, zichajiwe pamoja, zikae pamoja, ziandikeni A, B, C kwa kalamu. Zinafuatana kwenye mstari mmoja, kwa hiyo moja dhaifu ikiisha kwanza, tatu zilizobaki zinausukuma umeme kinyume ndani yake na inakufa moja kwa moja. Mtu anasema "chaja imeua betri". Chaja haikuua.

Na kuna watu wanauza 14500 za lithiamu kwa sababu umbo ni lile lile la AA. Hizo ni 3.7V. Nne ni 14.8V ndani ya kitu kilichotengenezwa kwa 6V. Ukiziweka, usilete uzi hapa.

Jibu #7 (mwenye uzi)

Asante mkuu #6. Basi kabla ya kutoa hela, fanyeni hivi palepale dukani na mtu asiwaharakishe. Wekeni betri zenu wenyewe. Nguvu 1/1, pigeni mara kumi, kila mara mkisubiri taa ya utayari. Ikianza kupoteza pigo moja moja au muda wa kujaa ukirefuka haraka, rudisheni. Badilisheni zoom ya kichwa kutoka 24 hadi 105 mkiwa mmetega sikio: mota inayokwaruza au kusita ina meno yaliyolika. Kisha kwenye kamera, shata 1/200, piga ukuta mweupe. Mstari mweusi chini ya picha maana yake umepita kasi ya mwisho ya shata ambayo kamera yako inaelewana na flashi. Canon 6D mwisho wake ni 1/180, Nikon D750 ni 1/200, Nikon D7200 ni 1/250. Kwa trigga za bei ya chini shukeni hadi 1/160 maana redio nayo inachelewa kidogo.

Zilizotumika zilizokaa kabatini miezi: kapasita inalala. Wekeni betri, iacheni iwake dakika kadhaa, pigeni taratibu kwa nguvu yote mara chache, mara nyingi inaamka. Msiifungue. Ndani kuna zaidi ya volti 300 na zinabaki hata betri zikitolewa.

Na kwa mnaonunua flashi kubwa ya gharama eti "ukumbi ni mkubwa", pigeni hesabu kwanza. Dari ya jipsamu nyeupe, kichwa kimeelekezwa juu, chukua GN 36. Dari inakula kama stopu mbili (inabaki robo ya mwanga, na GN inashuka nusu), inabaki 18. Mwanga unasafiri mita 5 kwenda na kurudi: f/3.6 kwa ISO 100. Pandisha ISO 800, umepata f/10. Unapiga f/4? Basi flashi yako ya bei nafuu inafanya kazi kati ya nguvu 1/4 na 1/8, inajaa mara moja na haipati joto. Hesabu hiyo inakufa kwenye makuti, na kwenye turubai la bluu maharusi watatoka wa bluu. Hapo elekeza mbele na kisambaza mwanga, au weka stendi.

Usiiendeshe 1/1 mfululizo wakati wa kuingia maharusi. Godox wenyewe kwenye kitabu cha TT600 wanasema mapigo 30 ya nguvu yote, kisha ipumzike dakika 10. Kioo cha mbele kikishakuwa cha kahawia, hakuna garanti itakayokusikiliza.

Mwenye kaunta #2, swali langu bado lipo: kesho akija kijana wa 2000D, utamtolea ipi?

Jibu #8

TT685II-C, mkuu. Na nitamwambia aje na kamera.