Mjadala: Mcheza kamari akiomba mwenyewe afungiwe, sheria imsaidie au tumwache?

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Mdogo wangu anauza vipuri Darajani. Mwezi uliopita aliipigia simu kampuni anayobeti, akawaomba wamfungie akaunti. Hakulazimishwa na mtu. Alipiga mkeka, yaani beti moja ya timu kumi na mbili ambazo zote lazima ziingie, kumi na moja zikaingia, moja ikauchana dakika ya tisini, na pesa yenyewe ilikuwa ada ya skuli ya mwanawe. Wakamfungia, kweli. Magharibi haijaadhiniwa kashafungua akaunti kampuni nyengine, kwa laini ile ile. Ijumaa ya pili yake, ile ya mwanzo ikamletea meseji: tumekukumbuka, chukua beti ya bure. Nimeisoma kwa macho yangu.

Mimi nasema itungwe sheria: mtu akijifungia, afungiwe kote kwa mara moja, na asiweze kujifungulia usiku wa mechi. Uingereza wana GAMSTOP tangu 2018, daftari moja la wanaojifungia kubeti mtandaoni. Unajiandikisha mara moja, unachagua miezi sita, mwaka au miaka mitano, na muda haujesha hakuna wa kukufungulia hata ulie. Tangu 31 Machi 2020 kampuni ya mtandaoni isiyojiunga haina leseni huko. Australia nao walianza na BetStop 2023, ukitaka hata maisha.

Msiniambie ni mambo ya wazungu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kazi ya kumjua mtu ni nani ishafanywa, imebaki kuitumia namba hiyo kumfungia anayetaka.

Tabu ni hii: michezo ya kubahatisha si jambo la Muungano, na Sheria ya 2003 pamoja na Bodi yake ni ya Bara. Lakini posta na simu ni za Muungano. Wawakilishi wetu wakitunga yao kwenye Baraza lao Chukwani bila ya kukaa na wenzao wa Bara, watakuwa wametia kufuli mlango na ukuta haupo.

Haya, semeni.

Mchangiaji, Wete: Al-Maida aya ya 90 imeshamaliza. Ukiandika sheria ya kujifungia umekubali kuwa asiyejifungia ana ruhusa. Huku karafuu zikishauzwa tu, pesa inaingia kwenye simu na inapotelea kwenye simu hiyo hiyo. Pigeni marufuku, basi.

Mchangiaji, Jang'ombe: Nyie mnamzungumza anayetaka. Wangu hataki! Anaingia na simu chooni, anatoka uso umemshuka, ukimuuliza anasema tumbo. Mimi mke sina haki ya kumwombea?

Mtoa mada: Sheikh wangu wa Wete, na aya sina ubishi nayo. Mdogo wangu ameihifadhi, kasoma chuoni mpaka kahitimu, na alibeti. Marufuku haimkamati mtu aliyelala na simu kifuani saa sita za usiku. Na huyu anayeomba mwenyewe afungwe, tumwambie asubiri mpaka kamari iishe duniani?

Dada wa Jang'ombe, wewe umenipata pabaya. Singapore jamaa wa karibu anaruhusiwa kuomba mtu wao azuiliwe kasino, na jopo linasikiliza kabla ya kutoa amri. Ila kasino ina mlango, na mlangoni kuna anayekagua kitambulisho. Na naogopa pia: kwetu sisi watu wakigombania shamba la urithi, mmoja hashindwi kwenda kusema mwenziwe mcheza kamari ili asipewe. Lakini hilo la tumbo limenikaa moyoni. Wenye kuijua sheria mtueleze, ombi la mke lipelekwe wapi: kwa kadhi, mahakama ya wilaya, au aanze kwa sheha?