Fundi ametuchagulia programu ya barua pepe bila kutuuliza, kaharibu, na sasa anadai malipo ya pili

Ndugu zangu, ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam ilikuwa ikitumia Exim kupeleka barua pepe na Dovecot kuzihifadhi, na hapakuwa na aliyelalamika. Seva ilipochakaa tulimlipa fundi atuhamishie kila kitu kwenye seva mpya. Badala ya kuuliza tunatumia nini, aliamua peke yake kuweka programu ya kulipia inayotoza kwa kila akaunti, akidai kwamba Exim imepitwa na wakati kwa kuwa ilianza mwaka 1995. Kwa hoja hiyo hata Postfix, programu nyingine ya kupeleka barua iliyotoka mwaka 1998, ingetupwa! Baadaye alikiri mwenyewe kwamba hiyo ya kulipia ndiyo programu pekee anayoijua.

Jumatatu asubuhi mhasibu alifungua kisanduku chake akakuta barua zaidi ya elfu tisa, zote zikionekana hazijasomwa na zote zikiwa na tarehe ya usiku wa Jumamosi. Katika Maildir, mpangilio tuliokuwa nao, kila barua ni faili moja, na herufi S mwishoni mwa jina lake ndiyo inayoonyesha kwamba imesomwa. Fundi alizisukuma faili hizo kwenye programu mpya kana kwamba ni barua zinazoingia leo, alama zote zikapotea. Imapsync, programu ya kunakili barua kutoka seva moja hadi nyingine, ingezihamisha pamoja na alama na tarehe zake, mradi pande zote mbili zinatumia IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva.

Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni kwamba barua tunazowaandikia wateja wenye Gmail zinaishia kwenye spamu au zinarudishwa, kwa sababu hakumwomba mwenye anwani ya IP aweke rekodi ya PTR (inayoonyesha anwani hiyo ni ya jina gani la seva), na rekodi za SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu) na DKIM (ufunguo wa kuhakiki sahihi ya barua zetu) amezikuta na kuziacha zikiwa za seva ya zamani, ilhali Google imeyakazia mambo haya tangu Februari 2024. Ankara zetu zimekwama huko wiki nzima, na tozo za kuhifadhi makontena bandarini hazimsubiri fundi ajifunze kazi.

Sasa anataka alipwe upya ili arekebishe alichokiharibu, na seva ya zamani inazimwa Ijumaa. Simlipi. Aliyewahi kutumia imapsync kwa visanduku kumi na vinne anieleze kama siku tatu zinatosha, na kama nianze na cha mhasibu.