Mjadala: Wimbo Ulio Bora ni mapenzi ya watu wawili au ni fumbo la Kristo na Kanisa?

Wapendwa, naileta hoja hii kwa sababu kila msimu wa harusi inazuka upya. Wapo wanaosema bwana harusi wa Wimbo Ulio Bora, kile kitabu cha mashairi ndani ya Biblia, ni Kristo, bibi harusi ni Kanisa, na anayeona mapenzi ya kimwili humo ana fikra chafu. Mimi nakataa. Kwanza kabisa ni mapenzi ya mwanamume na mwanamke, na hayo yenyewe ni matakatifu.

Biblia inaposema kwa fumbo, mara nyingi inafumbua yenyewe. Isaya 5 anaimba habari za shamba la mizabibu lililotunzwa vizuri likazaa zabibu-mwitu. Mstari wa 7 unataja kwamba shamba ni nyumba ya Israeli. Paulo, akiwaeleza Wagalatia habari za Hajiri na Sara, anasema wazi kuwa mambo haya husemwa kwa mfano.

Sasa someni sura zote 8 za Wimbo. Yumo binti aliyeunguzwa na jua kwa sababu kaka zake walimkasirikia wakampa kazi ya kulinda mizabibu. Sura ya 5, kijana anabisha hodi usiku. Binti anasitasita: nguo ameshavua, miguu ameshanawa. Anaponyanyuka, vidole vinadondosha manemane kwenye komeo, lakini akifungua, kijana ameshaondoka. Aliyewahi kupenda hahitaji kuambiwa komeo lina maana gani.

Najua upande wa pili una mizizi. Rabi Akiva, mwalimu wa kale wa Kiyahudi, aliuita Wimbo huu mtakatifu wa watakatifu, Origen, mwanazuoni wa Kanisa la kale, akaufasiri kwa mapana, na Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa, alitoa mahubiri 86 juu yake. Alipofariki mwaka 1153 alikuwa ndiyo kwanza anaanza sura ya 3. Siwabezi, maana waliomba na kulia humo. Tena Waefeso 5 inaifananisha ndoa na Kristo na Kanisa. Lakini Paulo pale anaanzia kwenye ndoa halisi, haifuti. Fumbo lisilo na mpaka ndilo lililowafikisha wafasiri wa kale kusema matiti mawili ni Agano la Kale na Agano Jipya.

Linalonigusa zaidi ni la Geneva, 1544. Castellio, mwalimu wa shule mjini humo, aliuona Wimbo kuwa shairi la mapenzi tu, akasema haustahili kuwemo kwenye Maandiko; Calvin, kiongozi wa matengenezo ya Kanisa mjini humo, akamzuia asiwe mchungaji. Tazameni: anayetaka uondolewe na anayeuficha ndani ya fumbo wanakubaliana kimyakimya kwamba mapenzi ya mwili hayawezi kuwa neno la Mungu. Wanaoumia ni vijana wetu, wanaofika siku ya ndoa wakiwa wamesikia habari za mwili kwenye mahubiri ya uzinzi peke yake.

Anayepinga karibu sana, ila aje na sura na mstari: ni wapi Wimbo wenyewe unasema kijana yule mlangoni si kijana?