Viatu na mavazi yasiyotokana na wanyama: je, hakuna njia ila plastiki?

Mkazi wa Arusha
Habari zenu wanajukwaa. Nimeacha kula na kuvaa chochote kitokanacho na wanyama. Kwa upande wa chakula sina shida, maana makande na maharage ya nazi hayajawahi kunipungukia, lakini mavazi yananitatiza. Kila ninapoomba viatu vya ofisini visivyo vya ngozi huletewa vya plastiki iliyong'arishwa, ambavyo hubanduka mapema na havishoneki tena, nami sioni nimemhurumiaje ng'ombe ikiwa takataka hizo zitaishia malishoni mwake. Pia baridi ya Julai inakaribia na nahitaji sweta. Je, nikikuta ya sufu kwenye mitumba, niichukue au niiache?

Mshonaji, Ilala
Ndugu yangu, wasiwasi wako una msingi. Sehemu kubwa ya ngozi ya bandia ni kitambaa kilichopakwa PVC au poliyurethani, aina mbili za plastiki zenye asili ya mafuta ya petroli. Hata Piñatex, inayotengenezwa kwa nyuzi za majani ya mananasi, huchanganywa na plastiki itokanayo na mahindi kisha ikapakwa rezini, yaani utomvu mgumu wa kiwandani, juu, kwa hiyo ukiizika shambani haitaoza kama jani.

Kwa nguo, usitegemee maneno ya muuzaji, kwani siku hizi hata kanga nyingine ni poliesta. Chomoa uzi mmoja pindoni uuwashe kwa kiberiti: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kuwa kidonge kigumu, na sufu au hariri hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Kagua pia vifungo, maana vingine ni vya pembe, na kile kiraka cha kiunoni nyuma ya jinzi, ambacho mara nyingi ni ngozi halisi.

Mtoto wa mkulima, Simiyu
Naomba nasi wa pamba tusisifiwe bila kuulizwa. Pamba ya kawaida hupuliziwa dawa za wadudu, na anayezivuta kwanza ni mkulima mwenyewe. Huku Meatu wapo wakulima wa pamba hai wasiotumia dawa za viwandani, ila sehemu kubwa ya pamba ya nchi yetu huuzwa nje ikiwa nyuzi tupu, na ndiyo maana ni vigumu kwako kuipata dukani kama shati. Ukiona alama ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za nyuzi hai, fahamu kwamba nguo inayoitwa hai kwa kiwango hicho lazima iwe na angalau asilimia 95 ya nyuzi hai, lakini kiwango chenyewe kinaruhusu sufu na hariri. Kwa hiyo soma na orodha ya nyuzi.

Msomaji, Nairobi
Kuhusu sweta, mimi ningeichukua. Fedha unayomlipa mama wa mitumba wa soko la Gikomba haimrudii mfuga kondoo, kwa sababu nguo hiyo ilikwisha kununuliwa na kuachwa Ulaya au Marekani, ilhali sweta mpya ya akriliki ni plastiki inayomwaga vinyuzi majini kila unapoifua.

Mkazi wa Kampala
Dada wa Nairobi, hapo sikubaliani nawe. Anayevaa sufu huifanya itamaniwe na wengine, na kwa mtu aliyeacha kwa imani ya moyo, hesabu ya fedha haitoshi. Mitumba ina fulana nzito za pamba zenye kofia, avae mbili. Kwa mkoba, afikirie kitambaa cha gome la mti wa mutuba tunachokiita olubugo: gome hubanduliwa, shina likafungwa majani ya mgomba, na mti huota gome jingine bila kukatwa.

Mkazi wa Arusha
Nawashukuru nyote. Sufu nitaiacha, ingawa hoja ya Nairobi nimeielewa. Mshonaji, je, fundi anaweza kunitengenezea viatu vya ofisini kwa turubai la pamba na soli ya tairi?

Mshonaji, Ilala
Anaweza, na vitadumu. Chagua turubai jeusi zito, lishonwe tabaka mbili puani na kisiginoni. Soli aishone kwa uzi badala ya kuigundisha tu, ili ikilika ibandikwe nyingine juu ya turubai lile lile. Mwambie mapema asiweke ngozi ndani, kwa sababu mafundi wengi huweka soli ya ndani ya ngozi kwa mazoea, bila hata kukuuliza.